Risasi za Karai Moja

Jumamosi, Novemba imeanza. Manyunyu tangu alfajiri, ziwa limefunikwa na ukungu, ng'ambo ya Kamanga haionekani kabisa. Kivuko kimechelewa. Mjukuu wangu Nyanzobe amefika saa sita mchana amelowa hadi soksi, akanipa shikamoo akiwa bado mlangoni, na kabla sijamaliza kusema marahaba alikuwa ameshaanza na lake.

"Bibi, wewe umewahi kulenga shabaha. Nichague risasi ipi?"

Timu ya kikosi chao cha jeshi inajiandaa na mashindano ya masafa marefu. Wameruhusiwa kuchagua kati ya aina mbili. Moja ni kubwa, ina mshindo wa kutikisa meno. Nyingine ni ndogo na nyembamba. Wenzake wote wanataka kubwa. Wanamcheka eti ile ndogo ni ya kuwindia sungura.

Nilimjibu ovyo. Nilisema chagua inayokufaa, kisha nikamuuliza habari za mama yake. Sasa amelala, mvua imezidi, nami naona aibu. Mtoto amevuka maji kuja kuniuliza jambo ninalolijua kidogo, nimempa jibu la mtu asiyejua. Mdomoni maneno yangu hukimbia. Kwenye karatasi huwa yanatulia kidogo, ingawa mimi ni wa darasa la saba na mwandiko wangu si mzuri.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa wewe ni mwana wa mwanangu, ipo siku moja ambayo mpaka leo sijaisahau. Nitakusimulia jinsi nilivyoiona. Pale nitakapokuwa nampunja mtu haki yake, nisamehe, kwa sababu wengine hawapo tena wa kujitetea.

Ilikuwa miaka ile ya tisini mashirika ya umma yalipokuwa yanauzwa. Nilikuwa mlinzi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Kazi yangu hasa ilikuwa kuwakagua akina mama getini wasitoke na pamba ndani ya khanga zao, lakini mafunzo ya mgambo nilipitia kama wanaume, na bunduki niliijua. Tulikuwa walinzi sita. Mkuu wetu alikuwa Mzee Lutonja, mtu mpole, mwenye sauti ya katekista. Alikuwepo Kulwa, mcheshi, mdomo mrefu kuliko mtutu. Na alikuwepo Masanja.

Masanja alikuwa mkimya. Babaye alimwachia bunduki ya kuwindia, yenye kibali chake, nayo ilikuwa ya namna moja na hizi za jineri, zile bunduki za zamani za Waingereza ambazo kila ukipiga unavuta bolti, lile komeo la chuma. Nimewaona watu wengi wakilenga. Sijamwona mwingine kama yeye. Alikuwa akilala chini na bunduki yake, unadhani amesinzia, halafu unasikia mlio na ubao kule unatikisika.

Kiwanda kikapata mwenye mali mpya. Akaletwa meneja kutoka Arusha. Huyu meneja tulimsema sana baadaye, lakini hakutudanganya hata mara moja. Alitukusanya akasema kwa uwazi: kuna kampuni ya ulinzi ya Dar es Salaam inaitaka kazi yetu. Yeye hana ugomvi na sisi. Tutakwenda machimbo ya moramu, ule udongo wa barabara, kule upande wa Igoma, chini ya kilima, tutapiga shabaha hatua mia tatu, risasi tano kila mtu. Tukionyesha kwamba tunaweza, tunabaki. Tukishindwa, kampuni inaingia.

"Risasi zipo za zamani stoo," akasema, "na mimi nimenunua makasha machache mjini. Mwenye njia yake nyingine halali, ruksa. Chagueni wenyewe mtakazoona zinawafaa."

Hilo neno, chagueni wenyewe, lilinishtua kuliko habari ya kampuni. Mwanangu, wewe umekulia madukani kwenye sabuni za kila rangi. Sisi tulikulia kwenye foleni. Sukari aina moja, sabuni aina moja, kitenge kikija kimekuja, unakatiwa sawa na jirani yako mkanyamaza. Sikuwahi kuambiwa kazini nichague kitu chochote. Tulitazamana. Kulwa akasema kwa sauti ya chini, "Huyu anatutega."

Basi zikawa aina tatu. Za stoo zilikuwa na vichwa butu, vizito, maganda yameota kijani. Za meneja zilikuwa mpya, zinang'aa, vichwa vya wastani. Na Masanja akaleta kasha lake mwenyewe, vichwa vyembamba vilivyochongoka. Alikuwa amezijaribu kwa ruhusa ya Mzee Lutonja, jioni baada ya jioni, kwenye bunduki yake ya zamu, mpaka akarekebisha kilengeo cha nyuma kikakubaliana nazo. Alizijua kama mtu anavyozijua hatua za mkewe uani.

Zote tatu ziliingia kwenye bunduki ileile. Hapo ndipo palipotupofusha. Kitu kikiingia tundu moja, mtu hudhani ni kimoja.

Tulikaa kikao nyuma ya ghala. Masanja alisema maneno machache, na nayaandika hapa kwa sababu hayakusikilizwa. Alisema risasi nzito hushuka mapema, nyepesi hukawia kushuka, na kwa hatua mia tatu tofauti yake inaweza kufika dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole. "Kila mtu achukue aina moja tu," akasema, "hata kwa kura. Ajaribu, aweke kilengeo chake, abaki nayo hiyohiyo."

Kulwa akaruka. "Na atakayeangukiwa na hizi zenye ukungu? Yeye ni mtoto wa kambo?"

"Ukizijua, hata hizo zitakupeleka."

"Zitanipeleka nyumbani kwa mke wangu bila kazi! Kaka, mchagua jembe si mkulima. Wewe unataka kula peke yako, sema tu."

Watu wakacheka. Lakini usimcheke Kulwa kwa haraka. Alikuwa na watoto watano na mama mgonjwa, na alijua kwamba macho yake si mazuri. Aliogopa kupata fungu baya, na hofu ikiwa na mdomo mzuri hugeuka hekima.

Tukamgeukia Mzee Lutonja. Yeye ndiye aliyetuvusha miaka ya njaa. Sukari ya kiwanda ikija, aliipima kwa kijiko mbele yetu, na hakuna nyumba iliyokosa. Tulimwamini kwa sababu hiyo. Akasema, "Kizuri kula na mwenzio. Tuchanganye zote. Kila mmoja atachota akiwa amefumba macho. Hapo hata Mungu hatatulaumu."

Wengi wape. Mikono ikapanda. Nami niliinua? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani niliinua. Nikisema sikuinua nitakuwa najitakasa.

Likaletwa karai la kuchanganyia zege, likapanguswa. Za stoo zikamwagwa, za meneja zikamwagwa. Wote tukamtazama Masanja na kasha lake. Alimtazama Mzee Lutonja, akatutazama sisi. Kisha akaligeuza. Risasi zikateremka kwa kelele kama mahindi makavu, Kulwa akatia mikono akavuruga, akipiga vigelegele vya kike ili tucheke. Na tulicheka. Masanja naye alicheka kidogo, nakumbuka meno yake.

Siku ya kulenga meneja alikuja na kiti chake na darubini. Upepo ulikuwa mwepesi, unatoka ziwani. Ubao ulisimamishwa kwenye ukuta wa udongo, duara jeusi katikati. Kila mmoja alipewa risasi mbili za kujaribia, halafu tano za hesabu, zote kutoka karaini kwa macho yaliyofumbwa. Sisi ambao si hodari tulipiga kwanza. Zangu zilikwenda popote, moja juu, moja chini, moja nikaona vumbi kando kabisa. Sikushangaa. Nilisema moyoni, ni mkono wangu huu. Ndiyo hasara ya mtu asiyejiamini, mwanangu. Kikiharibika kitu chochote karibu naye, hadhani kama kuna sababu nyingine.

Ndipo akalala Masanja. Tukapumua. Yeye ndiye tuliyemtegemea atufute aibu.

Risasi ya kwanza ya kujaribia, nyembamba, katikati. Ya pili, butu la stoo, ikachimba udongo chini ya ubao. Akainua kichwa akaitazama bunduki. Angefanyaje? Akipandisha kilengeo, nyembamba itapita juu. Asipopandisha, butu litaanguka. Na mkononi alikuwa na tano za mchanganyiko, ambazo tatu kati yake hakuwahi kuziwekea kilengeo. Akajaribu kukisia. Nilimwona jasho linashuka shingoni, na Masanja nilikuwa sijamwona akitoka jasho hata tukipakia marobota.

Mbili ziliingia katikati. Tatu zilikwenda porini.

Mzee Lutonja alivua kofia yake akaishika kifuani kama yuko msibani. Mimi nilikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Siyo kazi tu. Ilikuwa ni kumwona Masanja anakosa. Ni kama kumwona padri analewa.

Meneja akashusha darubini. "Huyu ndiye mliyesema hakosi? Mbili katikati na tatu hovyo? Anaumwa?"

Masanja akasimama, akakung'uta magoti. "Sijambo, bosi. Risasi si za aina moja."

"Si nimewaambia mchague?"

"Tulichagua zote."

Meneja hakuelewa. Akaja mwenyewe akatazama karai. Akaingiza mkono, akatoa butu, akatoa ya kung'aa, akatoa nyembamba, akaziweka kiganjani. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta familia inapika mbegu za msimu ujao. "Jamani," akasema polepole. "Jamani! Mmefanya hivi makusudi?"

"Ilikuwa tuwe sawa," akasema Mzee Lutonja.

"Mmekuwa sawa," akasema meneja. "Wote mmekosa."

Kisha akamwambia Masanja achague tano za aina moja anayoitaka, apige tena. Masanja akachuchumaa kwenye karai, akapekua. Nyembamba zilikuwa zimebaki tano tu, nyingine zilishachimba udongo kwa mikono yetu. Akazifuta moja moja kwa shati lake, akalala, akapiga. Zote tano ungezifunika kwa kiganja.

Meneja akasema, "Wewe unabaki. Nitakufanya msimamizi wa hao wa kampuni."

Nasi tukasogea, kila mmoja akiomba apige tena na za aina moja. Hata mimi nilisogea. Meneja hakukataa. Alisema sawa, chagueni. Tukalizunguka karai lile tukachambua, na tukaona kwa macho yetu. Za meneja zilikuwa zimebaki chache, hazitoshi mtu mmoja. Za stoo vivyo hivyo. Za Masanja zilikwisha. Hakuna aina iliyotosha hata mtu mmoja. Tulikuwa tumezitawanya zote, kila mtu kidogo kidogo, mpaka hakuna aliyekuwa na kitu.

Kulwa akamgeukia Masanja, mate yanamtoka. "Kumbe ulikuwa umetuficha! Ulijua!"

"Sikuficha," akasema Masanja. "Nilisema. Halafu nikamwaga mbele yako."

Mwanangu, yale maneno hayakusemwa kwa ukali. Ndiyo maana yalitupiga. Kulwa akageuka akaenda kupanda lori.

Tulirudi mjini nyuma ya lori. Masanja alikaa peke yake. Sisi watano tulikaa upande mwingine tukamnunia, nami nilinuna pamoja nao, nasema kweli.

Nyumbani nilimkuta baba mkwe wangu, Mzee Ng'wandu, amekuja kututembelea kutoka shambani. Nikapiga goti nikamsalimu, nikamweleza yote nikilia, nikitegemea anifariji. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka. Nilishtuka. Mzee yule hakuwa mtu wa kucheka misiba ya watu.

"Mama Shija," akaniambia, "mwaka ule karani wa chama cha ushirika alinirudishia mzigo mzima wa pamba, unakumbuka? Kwa sababu chini ya gunia la safi niliweka fifi kidogo, ile pamba chafu. Wewe mwenyewe uliniambia, baba, sheria mnaijua."

"Nilikuambia, baba. Nisamehe."

"Ulisema kweli. Ninyi ni watu wa jineri. Mnajua kwamba fifi ukiitia kwenye safi, fifi haipandi. Safi ndiyo inashuka. Mnawafukuza wakulima kwa hilo. Mkaja mkachanganya risasi, eti mnapendana?" Akaacha kucheka. "Mimi bunduki siijui, hata gobore sijashika. Lakini nieleze. Huyo kijana mnamnunia kwa lipi? Kwa sababu alikubali kumwaga, au kwa sababu anaweza?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta mpaka leo.

"Kesho nenda ukamwambie hongera," akasema. "Na usiende na uso huo."

Asubuhi nilikwenda. Nilimkuta getini, amesimama palepale nilipozoea kusimama mimi. Nikasema, "Hongera, kaka." Akanitazama kama mtu aliyejikinga ngumi akapewa maji.

"Nilidhani umekuja kunitukana, dada."

"Tumekukosea. Tungekuacha na kasha lako, pengine wewe ungemshangaza yule meneja, na sisi wengine tukapata muda wa kujifunza zetu."

Halafu akasema jambo ambalo lilinishtua kuliko yote ya siku ile. "Lakini dada, mkiniambia tena kesho, nitamwaga tena."

"Hata baada ya haya?"

"Nitafanyaje? Ninyi ndio watu wangu. Mtu akiambiwa na watu wake kwamba anakula peke yake, mkono wake hugeuza kasha wenyewe."

Nilirudi nyumbani nikitembea pembeni ya barabara, magari yananipigia honi. Sikurudishwa kazini. Nilianza kuuza dagaa, na hao dagaa ndio waliomsomesha mama yako. Kulwa alikwenda visiwani kuvua. Mzee Lutonja hakumlaumu mtu yeyote, na hakupima tena kitu mbele ya watu mpaka alipofariki. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu alikuwa mtu mwema, na wema wake ulitusaidia miaka mingi kabla haujatuangusha siku moja.

Sasa nikujibu, mwanangu, kama ambavyo ningekujibu mchana laiti ningekuwa na akili.

Kuhusu risasi zenu mbili, sizijui, zimekuja baada ya wakati wangu. Lakini ubao hauhitaji kuuawa. Mshindo hauongezi kitu kwenye karatasi, unaongeza maumivu ya bega, na bega linaloogopa huvuta bunduki kabla ya wakati. Usichague risasi kwa sababu inatisha, wala usiikatae kwa sababu wanaicheka. Jaribu zote mbili kwenye bunduki yako mwenyewe, si ya rafiki, kwa umbali uleule wa mashindano, siku ya utulivu na siku ya upepo. Ile inayoweka matundu yake karibu karibu, hiyo ndiyo yako, hata kama imekaa kando ya duara. Kundi lililo pamoja unaweza kulihamisha kwa kilengeo. Lililotawanyika huliwezi. Kisha tafuta za kukutosha, za kasha la aina moja na toleo moja, za mazoezi na za siku yenyewe, ubaki nazo. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Na la pili, ambalo hukuliuliza. Katika timu yenu yupo mmoja anayeweza kuliko wengine. Labda ni wewe, sijui. Kama si wewe, usimwombe kitu ambacho hawezi kukukatalia. Kuomba namna hiyo si kuomba, ni kunyang'anya kwa sauti ya upole. Mwache na kasha lake, kisha umwombe akufundishe kulijua lako. Kama ni wewe, na wakakuambia mwaga, wagawie muda wako, wagawie macho yako, lala nao chini mchana kutwa mpaka kila mmoja aijue risasi yake. Lakini usigeuze kasha. Watakununia. Watanuna jioni moja. Sisi tulinuna, na hatimaye tungepatana.

Mungu akupe pumzi iliyotulia na kidole kisicho na haraka. Akupe wenzako wa kukuonea fahari, nawe uwaonee fahari siku yao. Ukishinda, usirudi na kiburi. Ukikosa, usirudi na uongo. Njia yako ya majini na ya nchi kavu iwe nyeupe. Amina.

Mvua imekatika. Jioni tumekula ugali wa udaga, ule muhogo uliovundikwa, na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, za karanga, na sato mmoja wa kuchemsha. Nyanzobe amekula kichwa cha sato.